Kusikia, Kusikiliza na Kuhukumu

Hakuna hukumu itolewayo kwa wepesi kama hukumu juu ya muziki wa watu wengine. Mtu asiyethubutu kusema kwamba kitabu cha Kichina hakina maana, maadamu ajua kuwa hasomi Kichina, hutamka bila kusita kwamba nyimbo za Wachina ni kelele tupu. Sababu yake si ngumu kuiona. Maandishi tusiyoyajua hutukumbusha ujinga wetu mara tuyatupiapo jicho. Bali sauti huingia sikioni bila kubisha hodi, na kwa kuwa imekwisha kuingia, twadhani tumeielewa. Hapo ndipo penye asili ya swali tunalotaka kulichunguza: Je, mtu anayo haki ya kuhukumu muziki ambao hakujifunza kuusikiliza? Na ikiwa hana haki hiyo, ni wajibu wake ajifunze, au yatosha anyamaze?

Wako watakaosema kwamba swali hili ni la wanamuziki, si la walimu wa lugha. Sisi hatuoni hivyo. Kiswahili chenyewe kimekwisha kutufungulia mlango, kwa kuwa kimetenga kusikia na kusikiliza. Kusikia ni jambo linalompata mtu. Kusikiliza ni jambo analolitenda. Mnyambuliko uliomo katika neno la pili waonyesha nia na bidii. Tena mashairi tunayoyafundisha yalitungwa yaimbwe. Mizani na vina ni kazi ya sikio kabla ya kuwa kazi ya kalamu. Fauka ya hayo, dharau ya lugha na dharau ya muziki ni ndugu wa baba mmoja. Wayunani wa kale waliwaita wageni kwa neno lililoiga usemi wao, yaani watu wanaobwabwaja; na kutokana na neno hilo lugha za Ulaya zikapata jina la washenzi. Mtu akikwisha kuamini kwamba jirani yake hasemi bali anabwabwaja, haimbi bali anapiga kelele, hatua inayofuata ni kuamini kwamba jirani huyo hafikiri. Katika nchi zetu hizi, ambamo makabila na lugha nyingi zaishi ua mmoja, jambo hilo si la mchezo.

Na tuanze kwa mifano miwili ya kihistoria. Mwaka wa 1851 kulifanyika London maonyesho makubwa ya kazi za mataifa. Miongoni mwa waliotumwa huko alikuwemo Hector Berlioz, mtunzi mashuhuri wa Ufaransa, akiwa mmoja wa majaji wa ala za muziki. Huko aliwasikia waimbaji wa Kichina, na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata aliufananisha uimbaji wao na sauti ya mbwa apigaye miayo baada ya usingizi mrefu. Miaka 38 baadaye, mwaka wa 1889, maonyesho kama hayo yalifanyika Paris. Hapo kijana mmoja wa Kifaransa, Claude Debussy, alilisikia kundi la wapigaji wa gamelani kutoka kisiwa cha Java: matoazi, vibao vya shaba na magongo makubwa yanayolia pamoja. Hakucheka. Mwaka wa 1913, akikumbuka muziki wa Wajava, aliandika kwamba ufundi wao wa kusuka sauti nyingi kwa pamoja ulikuwa mkubwa hata ule wa Palestrina, fundi mkuu wa Italia wa karne ya 16, ukaonekana kando yake kuwa mchezo wa watoto.

Je, tofauti ya watu hawa wawili ilikuwa nini? Haikuwa elimu, kwa kuwa Berlioz alikuwa bingwa wa kazi yake, tena mjuzi wa sauti za ala kuliko wengi wa zama zake. Wala Debussy hakuijua lugha ya Kijava. Kwa maoni yetu tofauti ilikuwa katika swali ambalo kila mmoja aliliuliza moyoni. Wa kwanza aliuliza: Muziki huu wafanana na wetu kwa kiasi gani? Wa pili aliuliza: Muziki huu wafanya nini? Swali la kwanza haliwezi kuleta ila jibu moja, kwamba mgeni amepungukiwa. Swali la pili halina jibu mpaka mtu akae chini asikilize. Twajifunza hapa kwamba ustadi katika muziki wa kwenu haukupi ujuzi wa muziki wa wengine; pengine hukupa kiburi kinachokuziba masikio.

Kiburi hicho kilikuwa na nguzo moja iliyodhaniwa kuwa ya kisayansi. Wengi waliamini kwamba ngazi ya sauti za kinanda cha Kizungu ndiyo ngazi iliyowekwa na maumbile yenyewe, na kwamba mtu aimbaye nje yake hana sikio zuri. Mwaka wa 1885 Mwingereza Alexander Ellis alitoa makala juu ya ngazi za sauti za mataifa mbalimbali. Aliugawa umbali ulio baina ya sauti moja na sauti ile ile ya juu katika sehemu ndogo 1,200, akapima kwa kipimo hicho ala za Kiarabu, Kihindi, Kijava, Kichina na nyinginezo. Matokeo yake yalikuwa wazi: ngazi ya muziki si moja, wala si ya maumbile, ziko nyingi, zimetungwa na watu, na kila moja ina utaratibu wake. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Ellis mwenyewe hakujaliwa sikio la muziki, ikambidi ategemee sikio la mwenzake, Alfred Hipkins. Asiye na kipaji cha muziki aliusikia ulimwengu vizuri kuliko wenye vipaji, kwa kuwa alikubali kupima kabla ya kusema.

Tuiache sasa Ulaya, turudi nyumbani. Tutachukua muziki wa amadinda wa Buganda, kwa sababu huo hutufundisha uchambuzi kuliko nadharia yoyote. Amadinda ni marimba yenye vibao 12 vilivyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Sauti zake ni tano, kisha zajirudia, na nafasi baina ya sauti na sauti zakaribia kulingana. Kwa kipimo cha Ellis kila nafasi yakaribia sehemu 240. Kwa hiyo mtu aliyezoea kinanda husikia sauti nyingine kama kwamba zimepinda. Hazikupinda. Zimelingana kwa namna yake, na fundi anayechonga kibao huzilinganisha kwa uangalifu mkubwa.

Marimba hayo hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakielekeana. Wa kwanza, aitwaye omunazi, hupiga safu yake ya sauti kwa mwendo ulio sawa kabisa, pigo baada ya pigo. Wa pili, aitwaye omwawuzi, huingiza mapigo yake katika nafasi zilizo baina ya mapigo ya mwenziwe, naye pia kwa mwendo ulio sawa. Hakuna hata mmoja wao apigaye wimbo mzima. Kila mmoja ana nusu tu, na nusu hiyo ukiisikia peke yake haikupi habari ya wimbo. Zikiunganishwa nusu mbili, mwendo huwa wa kasi. Yaweza kupita mapigo 400 kwa dakika. Hapo sikio la binadamu haliwezi tena kufuata pigo moja moja. Basi lafanya kazi nyingine: lakusanya sauti nene pamoja na sauti nene, na nyembamba pamoja na nyembamba. Kutokana na makusanyo hayo hutokea mahadhi kadhaa yanayosikika wazi kabisa, ingawa hakuna mkono wa mtu yeyote uliyoyapiga. Mtaalamu Gerhard Kubik, aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mpigaji mashuhuri wa kasri la Kabaka, aliyaeleza mambo haya katika makala ya mwaka wa 1960. Kiganda ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Kwa hiyo Mganda asikiapo mahadhi hayo yaliyojitokeza husikia ndani yake maneno ya wimbo.

Na yule mtu wa tatu je? Yeye huitwa omukoonezi, na vibao vyake ni viwili tu, vile vya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza katika mchanganyiko wa wenziwe zile sauti mbili zilizo nene kuliko zote, na kuzirudia huko juu kadiri zijitokezavyo. Twaomba msomaji aitafakari kazi hii. Katika kundi la watu watatu, mmoja amewekwa hasa kwa ajili ya kusikiliza, na asiposikiliza hana la kupiga. Wazee waliotunga muziki huu walikwisha kuweka uchambuzi ndani ya ngoma yenyewe. Basi mtu asituambie kwamba kuchambua muziki ni desturi ya kigeni iliyoletwa na vitabu.

Msafiri apitaye barabarani akisikia amadinda husema kwamba ni mlio ule ule unaojirudia bila mwisho. Husema kweli juu ya masikio yake, si juu ya muziki. Akifundishwa kufuata sauti nene peke yake kwa dakika mbili, kisha nyembamba peke yake, atasikia jambo ambalo lilikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika si marimba. Nasi twasema kwamba hapo ndipo msingi wa wajibu ulipo: ikiwa kutosikia kwangu kunatokana na uvivu wangu, sina haki ya kumtoza mwingine gharama ya uvivu huo kwa kumwita mjinga.

Lakini hatuna budi kuzijibu hoja za wale wasiokubaliana nasi, kwa kuwa ni hoja nzito.

Hoja ya kwanza yasema kwamba uchambuzi huua utamu. Mtu ampasuaye ndege ili ajue aimbavyo, hubaki na manyoya mkononi. Sisi twajibu kwa mfano wa Burundi. Huko kuna nanga, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa kama sinia refu, na mpigaji wake husimulia hadithi kwa mnong'ono. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini kama uimbaji, lakini msikilizaji husadiki kwamba anausikia mnong'ono ukiimba, ukipanda na kushuka. Mtaalamu Cornelia Fales alipouchunguza muziki huu alionyesha kwamba ni sikio linalouunganisha mlio wa nyuzi na pumzi ya msimuliaji na kuvifanya kitu kimoja. Je, mtu aliyekwisha kulijua jambo hili hupungukiwa na starehe? La hasha. Aketi tena mbele ya nanga, naye atastaajabu mara mbili: kwanza kwa ajili ya hadithi, na pili kwa ajili ya akili ya waliogundua, bila mashine yoyote, namna ya kuufanya mnong'ono uimbe. Sisi walimu wa sarufi twalijua hili. Mwanafunzi aliyeelewa ngeli hapotezi utamu wa shairi, bali huona mshairi alipotembea juu ya kamba nyembamba na asianguke. Unaokufa kwa uchambuzi ni ule utamu wa kulewa tu. Nao huo hatuulilii.

Hoja ya pili yasema kwamba muziki wa watu ni wa watu wenyewe. Mgeni ajitahidi atakavyo hawezi kuuelewa, na afadhali kila mtu abaki na wake. Hoja hii huvaa joho la heshima, lakini ndani yake mna kukata tamaa. Ni kweli kwamba mgeni hatasikia yote. Mwenyeji naye hasikii yote. Huzaliwa bila kujua, akafundishwa na mama, na bibi, na ngoma za arusi. Kilichofundishwa mmoja chaweza kufundishwa mwingine, japo kwa shida na kwa upungufu. Zaidi ya hayo, tunaouita muziki wetu wenyewe mara nyingi ni matunda ya kuwasikiliza wengine. Tuutazame taarabu ya Unguja. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka wa 1905 na watu waliopenda udi, kanuni na fidla za Misri. Siti binti Saad, aliyesafiri mwaka wa 1928 mpaka Bombay ili aimbe katika santuri, aliimba kwa Kiswahili mahadhi yaliyojengwa juu ya ngazi za Kiarabu, ambazo zina sauti zilizo baina ya sauti mbili za kinanda. Lau wakazi wa Unguja wangalisema kwamba muziki wa Waarabu ni wa Waarabu tu, leo tusingalikuwa na taarabu. Hawakuiga kama kasuku. Walisikiliza, wakachagua, wakatia lugha yao na furaha na uchungu wao.

Hoja ya tatu ndiyo inayotutia mashaka zaidi, nayo ni hii: kuelewa ni mwanzo wa kuiba. Mwindaji husikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote msituni, wala si kwa sababu ya kumpenda mnyama. Katika misitu ya Afrika ya Kati wako watu waitwao Wabenzele. Miongoni mwa ufundi wao mna filimbi ndogo yenye sauti moja tu, ambayo mpulizaji huipishanisha na sauti ya koo lake mwenyewe, moja kwa moja, hata ikawa kama watu wawili wanaozungumza. Ufundi huo ulirekodiwa na kutolewa katika santuri katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1973 mpiga piano wa Marekani, Herbie Hancock, alitoa santuri iliyouzwa kwa wingi sana, na mmoja wa nyimbo zake waanza kwa mwigo wa filimbi hiyo, ukipulizwa kwa chupa. Mwaka wa 1996 mtaalamu Steven Feld aliandika akiuliza deni la watu wa msituni limelipwa wapi. Hatusemi haya ili kumtia mtu hatiani. Wanamuziki wote huokota njiani. Wala tusisahau kwamba hata wale Wajava wa mwaka 1889 waliletwa Paris na kuwekwa katika kijiji cha maonyesho pamoja na nyumba zao, watazamwe. Debussy alisikiliza vema, lakini kikao chenyewe hakikuwa cha haki.

Twakubali basi kwamba kusikiliza kwa akili hakutoshi. Tena kuna hatari ya namna nyingine. Mwaka wa 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa juu ya muziki wa Kiarabu, ukahudhuriwa na mabingwa wa Ulaya kama Béla Bartók na Erich von Hornbostel. Likatokea jambo la ajabu: baadhi ya Wamisri walitaka kuingiza piano na ala nyingine za kisasa katika muziki wao, hali baadhi ya wageni waliwasihi wasiuharibu urithi wao wa kale. Nani alikuwa na haki? Wageni walikuwa wamesikiliza kwa upendo, lakini upendo huo ulikuwa karibu kugeuka tundu la ndege. Kwa maoni yetu, msikilizaji anayo haki ya kusema alichokisikia; hana haki ya kumwamuru mwenye wimbo abaki vile alivyomkuta. Na alichokichukua akitaje kimetoka wapi, na akilipie. Hayo mawili, kutaja na kulipa, ndiyo yanayotenga mwanafunzi na mwizi.

Sasa yatupasa tuondoe kosa moja linaloweza kuzaliwa na maneno yetu. Mtu asidhani kwamba kusikiliza ni kusifu. Tuliposema kwamba hukumu ingoje, hatukusema kwamba hukumu isije kamwe. Historia ya karibu katika eneo letu yatuonya vikali. Nchini Rwanda, katika mwaka wa 1994, redio ya RTLM ilikuwa ikipiga nyimbo za Simon Bikindi, mwanamuziki aliyependwa sana, mwenye kuchanganya mahadhi ya asili na ya kisasa kwa ufundi mkubwa. Mwaka wa 2008 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15, kwa ajili ya maneno ya uchochezi aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani. Na juu ya nyimbo zake mahakama iliona kwamba zilitumiwa kuchochea chuki. Hapo ngoma ilikuwa tamu. Mtu aliyesikia tu alitikisa kichwa na kupiga makofi. Mwenye kusikiliza angaliuliza: Wimbo huu wamtaja nani? Wamwita nani adui? Wanitaka nifanye nini nikiondoka hapa? Kwa hiyo uchambuzi si pambo la wasomi. Sikio lisilochambua hukosa mara mbili: hukataa kizuri kwa kuwa ni kigeni, na hupokea kiovu kwa kuwa ni kitamu.

Hukumu ya haki, basi, ni ile ijayo baada ya ushahidi. Hakimu asiyesikiliza mashahidi si hakimu, hata kama hukumu yake yaweza kuwa sahihi kwa bahati. Nasi twaweza sasa kulijibu swali letu. Mtu hana haki ya kuhukumu muziki asiojifunza kuusikiliza. Je, ni lazima ajifunze muziki wote wa dunia? Hapana, maisha ni mafupi. Katika mengi yatosha kunyamaza kwa adabu. Lakini juu ya muziki wa jirani yake, yule anayeishi naye, anayenunua naye sokoni na ambaye watoto wao husoma darasa moja, kunyamaza hakutoshi. Huo ni wajibu ajifunze, kwa kuwa asipojifunza atahukumu tu, hata kwa uso wake na kwa kuziba masikio.

Mwalimu atauliza: Nianzie wapi, nami si mwanamuziki? Twapendekeza njia nyepesi isiyohitaji chombo cha gharama. Kwanza, wanafunzi wasikilize kipande kifupi mara moja, kimya, na wakatazwe kusema ni kizuri au kibaya. Waseme tu walichokisikia: sauti ngapi, nani anaanza, nani anaitikia. Pili, wasikilize tena wakifuata kitu kimoja tu, kama vile sauti nene. Tatu, watafute mahali ambapo wimbo hurudi. Karibu kila muziki una kituo chake. Katika gamelani gongo kubwa ndilo litangazalo mwisho wa mzunguko. Katika muziki wa Kihindi uko mzunguko wa mapigo 16 uitwao tintali, ambao wasikilizaji huuhesabu kwa kupiga makofi katika pigo la 1, la 5 na la 13, na katika la 9 huuachia mkono mtupu upunge bila kulia. Darasa la watoto wa miaka kumi laweza kujifunza hayo katika nusu saa. Nne, waulize juu ya maneno, na juu ya wakati ambao wimbo huimbwa. Na kama yupo kijijini mzee anayeujua, aitwe yeye na si kitabu. Tano, ndipo kila mmoja atoe maoni yake, na ayatetee kwa alichokisikia. Atakayesema wimbo haukumpendeza asikemewe, mradi aonyeshe alikuwapo wakati ulipoimbwa.

Wala tusikawie. Mwezi wa Mei 1966, majeshi ya serikali ya wakati ule yalipolishambulia kasri la Mengo, wanamuziki wa Kabaka walitawanyika. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, na ziliporudishwa mwaka wa 1993 ilikuwa imekwisha kupita zaidi ya robo karne. Huko Busoga tarumbeta za vibuyu ziitwazo bigwala ziliandikwa na UNESCO mwaka wa 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa mafundi waliobaki walikuwa wazee wachache. Muziki wa namna hii haufi kwa sababu ni mbovu. Hufa kwa sababu vijana wanaokaa karibu nao wamekwisha kufundishwa kwamba ni kelele za zamani, na wanaofundisha hivyo pengine ni sisi wenyewe, kwa maneno au kwa kimya chetu.

Mwaka wa 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili, Voyager, na ndani ya kila kimoja wakatia santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia, ili kama kuna viumbe wengine mbali huko wapate kutujua. Kando ya Bach na Beethoven na gamelani ya Java umo wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, nchini Kongo. Wimbo huo wa majirani zetu umekwisha kuzipita sayari zote za jua letu. Ni watu wangapi Kampala, Kigali au Bujumbura waliowahi kuusikiliza hata mara moja?

Katika lugha yetu watu waliopatana husemwa kwamba wanasikilizana, na hali ya amani baina yao yaitwa masikilizano. Haikusemwa kwamba wanapendana, wala kwamba wanafanana. Hayo mengine yaweza kuja au yasije. Lakini masikilizano twaweza kuyafundisha, nayo huanza pale ambapo mtu mmoja hufunga mdomo wake, akangoja wimbo wa mwenziwe ufike kituoni, kisha akauomba uimbwe tena.